Kilomita Laki Moja za Mtukufu Mwinyigogo

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, kwa kuwa wenyewe wana hasira za karibu. Ni nchi nzuri. Mvua inanyesha, mihogo inaota, na wananchi wanaipenda serikali yao kila wanapoulizwa.

Waasisi wa nchi hiyo walikuwa watu waangalifu. Waliwatazama majirani, wakaona viongozi waliochaguliwa kwa miaka mitano wamekaa thelathini. Wakasema ubaya uko kwenye miaka. Mwaka huja wenyewe, hata kwa aliyelala. Wao kiongozi wao watampimia kwa kazi. Wakaandika katika Katiba, kifungu cha nne, kwamba Kiongozi atatawala kwa kilomita laki moja, zitakazohesabiwa na mita ya gari la taifa. Kila kiongozi atapewa gari jipya, na akitoka nje ya geti la Ikulu hataruhusiwa chombo kingine chochote, wala miguu yake. Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi Jaji Mkuu ataingiza kichwa ndani ya gari na tochi, asome mita, autangazie umma.

Kiongozi wa kwanza alizunguka nchi nzima akikagua visima. Kwa miaka mitatu na nusu zikambakia kilomita chache, akaona aibu kungoja ya mwisho, akarudi kwao kufuga mbuzi. Watu walimhurumia sana. Wa pili alijifunza kwa wa kwanza, akawa anatoka Jumamosi tu, hadi uzee ukamtoa kabla ya mita. Wa tatu ndiye Mtukufu Mwinyigogo. Huyu mwaka wake wa kwanza alizunguka kama jogoo mgeni, akifungua hiki na kukata utepe wa kile, hadi siku moja alipoitupia mita jicho akakuta imesoma elfu sitini. Akatokwa na jasho. Akageuza gari.

Tangu siku hiyo Mtukufu hakutoka. Alipohitaji kitu, kitu kilisogezwa. Soko Kuu lilihamishiwa ukutani pa Ikulu, Bunge likafuata, kisha uwanja wa ndege, na ndege zilipotua sahani za jikoni kwa Mtukufu zilidondoka. Alitoka mara moja tu kwa mwaka, Sikukuu ya Uhuru, kuuzunguka mji kilomita sitini, kwa sababu Katiba ilimlazimisha aonekane. Miaka kumi na saba ikapita hivyo. Mita ikafika elfu sitini na moja.

Gari hilo lilitunzwa katika Gereji Kuu ya Serikali. Mkuu wa Idara ya Matairi hapo alikuwa Fundi Hamduni, mtu wa darasa la nne, mfupi, mwenye mikono mizito na maneno machache. Idara yake ilikuwa na mtumishi mmoja, naye ni yeye. Kazi yake kwa mwaka ilikuwa kujaza upepo matairi manne na kulipangusa la tano.

Angeendelea hivyo hadi kustaafu, kama si mkewe.

Mkewe, Bi Mashavu, alikuwa akiuza vitumbua. Sikukuu moja ya Uhuru alikuwa na beseni kichwani, akiwahi wateja wa mbele, na msafara wa Mtukufu ukawa unapita. Penye watu wengi gari la Mtukufu lilikwenda mwendo wa bibi harusi. Mashavu hakuwa na muda wa harusi. Akalipita. Alipofika usawa wa dirisha akasikia redio ya mtu ikitangaza, "Na sasa Mtukufu anapita kasi kama upepo!" Akacheka.

Mashitaka yalikuwa mawili. La kwanza, kumpita Kiongozi wa nchi kwa miguu. La pili, kucheka wakati wa kupita. Hakimu alisema makosa hayo hayana kifungo kwenye vitabu, hivyo akatoa kifungo cha kawaida kwa mambo yasiyo kwenye vitabu: gerezani mpaka muhula wa Mtukufu uishe.

Hamduni alipiga hesabu kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu ya gereji. Zilibaki kilomita elfu thelathini na tisa. Kwa kilomita sitini kila mwaka, Mashavu angetoka baada ya miaka mia sita na hamsini.

"Si mbaya," Mashavu alimwambia siku ya kuonana, midomo kwenye wavu. "Nilidhani kifungo cha maisha."

"Usinifanyie utani, Mama Mwatumu."

"Nikufanyie nini, Baba Mwatumu? Humu ndani utani ndio mboga. Mwatumu anakula?"

"Anakula. Anauliza unarudi lini."

Mashavu akashika wavu kwa vidole. Halafu akasema, "Mwambie nasubiri usafiri."

Hamduni hakulala vizuri kwa wiki tatu.

*

Wiki ya nne akaitwa na Mheshimiwa Tindwa, Waziri wa Mwendo na Maendeleo. Waziri alikuwa mtu mnene mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutosoma.

"Fundi, tumetukanwa," alisema Waziri. "Televisheni ya majirani imetuita Jamhuri ya Konokono. Mtukufu ameumia sana. Ameamua Sikukuu ijayo aendeshe mwenyewe, na kamera ielekezwe kwenye dashibodi, dunia nzima ione mshale wa spidi ukisoma mia."

"Aendeshe mia, basi. Gari zima."

"Hawezi. Ikizidi hamsini anapata kizunguzungu. Daktari amekataza." Waziri akasogeza kiti. "Tunataka mia isiyozidi hamsini."

Hamduni aliwaza kwa muda wa kukuna shingo. Kisha akatoka, akarudi na tairi na chaki. Akachora alama kwenye tairi pale linapogusa zulia, akalibiringisha ofisini hadi alama ilipogusa zulia tena, akachora alama nyingine.

"Futi sita," alisema. "Mheshimiwa, mshale hauoni barabara. Unahesabu tu tairi limezunguka mara ngapi. Kiwandani uliambiwa kila mzunguko ni futi sita, nao unaamini hadi leo. Mimi nikifunga tairi dogo la futi tatu, gari linasogea futi tatu, mshale unaapa ni sita. Mtukufu anakwenda hamsini, mshale unasoma mia."

Waziri alivua miwani ya kutosoma. "Kwa hiyo tunaudanganya mshale?"

"Hatuudanganyi. Hatuuambii tu."

"Ah! Hiyo ni sera ya serikali tangu zamani." Waziri alifurahi. "Na kuna madhara yoyote kwa Mtukufu?"

Hapo Hamduni alifuta chaki mikononi. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na waya mmoja unaotoka kwenye gia. Waya huo ndio uliosukuma mshale wa spidi, na waya huo huo ndio uliozungusha namba za kilomita. Kila mtu aliyewahi kufungua dashibodi alijua. Waziri alikuwa amefungua mikutano tu.

"Kiafya," Hamduni alisema, "hakuna."

*

Sikukuu ya Uhuru ikafika. Gari lilikuwa limekaa juu ya vitairi kama vya toroli, tumbo linakaribia kunusa lami. Matuta yote ya barabarani yalikuwa yamevunjwa siku tatu kabla, kwa tangazo kwamba matuta ni masalia ya ukoloni. Mafagio mia mbili yalitangulia mbele ya msafara, maana jiwe la ukubwa wa ndimu lingeweza kuangusha serikali.

Mshale ukasoma mia. Dunia ikaona.

Mtukufu aliposhuka alikuwa mtu mwingine. Macho yanang'aa, kofia imekaa upande. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wenzetu wanatembea, sisi tunakimbia! Na tunakimbia bila kuhema! Mia, ndugu zangu, si namba. Mia ni hali! Mimi leo nimekuwa katika hali hiyo, na nawaambia, upepo wa huko ni tofauti!"

Kesho yake akatoka tena. Na keshokutwa. Mtu ambaye kwa miaka kumi na saba alihamishiwa soko ukutani, sasa alikwenda mwenyewe kununua nyanya, kwa njia ya mbali. Alikagua visima. Alikagua mahali ambapo visima vingekuwapo. Baada ya miezi mitatu akasema mia imemchosha, imekuwa kama hamsini, na Waziri Tindwa akamrudia fundi mbio.

"Mia na hamsini," alisema.

Hamduni akatafuta vitairi vya futi mbili. Akafunga bila swali.

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Jaji Mkuu Ngwilizi, mzee mkavu mwenye koti linalomzidi, aliingiza kichwa ndani ya gari na tochi. Elfu sitini na nne. Elfu sitini na nane. Elfu sabini na tatu. Redio ikashangilia kila mara: "Mtukufu achapa kazi, aongeza kilomita elfu tano kwa mwezi mmoja!" Hakuna aliyetoa namba moja kutoka kwa nyingine kuona zimebaki ngapi. Katika nchi hiyo kutoa ilikuwa hesabu ya wapinzani. Serikali ilijumlisha.

Hamduni peke yake alitoa. Kila siku ya kuonana alimpelekea mkewe jibu.

"Elfu ishirini na saba, Mama Mwatumu."

"Wewe! Juzi si ilikuwa thelathini na mbili?"

"Jana alikwenda kukagua daraja."

"Daraja lipi?"

"Halijajengwa. Alikwenda kukagua mto."

Mashavu akauma kanga yake ili askari asimsikie.

Tatizo lilitokea mara moja tu, nalo lilimpata muuza maziwa aitwaye Sengo. Asubuhi moja, akiwa na madebe mawili nyuma ya baiskeli, Sengo alikuta msafara umejaa barabara, maziwa yanaganda, akaachia breki mteremkoni, akaupita kwa kulia. Mshale wa Mtukufu wakati huo ulisoma mia na hamsini. Askari wa barabarani hawakuwa na la kufanya ila kufuata hesabu: mwenye kumpita mtu wa mia na hamsini hawezi kuwa chini ya mia na sitini. Wakamkamata kwa kuendesha baiskeli kilomita mia na sitini kwa saa katikati ya mji. Kwenye karatasi ya kosa wakaandika pia "na maziwa".

Waziri wa Michezo aliisoma karatasi hiyo machozi yakamtoka. Sengo akatolewa mahabusu, akavalishwa bendera, akapelekwa kwenye mashindano ya dunia. Alifika siku ya pili yake, wenzake wakiwa wameshapewa medali na kupanda ndege. Redio ilisema alihujumiwa na hali ya hewa.

*

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi wa vitairi Jaji Mkuu alikawia kutoa kichwa ndani ya gari. Alipokitoa alisema polepole, "Kilomita tisini na nane elfu."

Kwa mara ya kwanza Waziri Tindwa alitoa. Zilibaki elfu mbili. Akakaa chini palepale, juu ya fagio.

Kikao cha dharura kilidumu siku nzima. Hamduni aliitwa, akasimama mlangoni na ovaroli lake. Alieleza habari ya waya mmoja. Waliposikia, mawaziri waligeuka wote kumwangalia Tindwa, naye akamwangalia fundi.

"Ulisema hakuna madhara!"

"Nilisema kiafya."

"Fanya kinyume chake, sasa hivi! Funga matairi makubwa!"

"Nina ya trekta, futi kumi na mbili. Kilomita zitakwenda nusu. Mtukufu akiwa kwenye hamsini yake, mshale utasoma ishirini na tano."

Mtukufu, aliyekuwa kimya mezani, akainua kichwa. "Mimi? Ishirini na tano? Mbele ya watoto wa shule?"

"Basi ukatwe waya," alisema waziri mmoja.

"Ukikatwa, mshale unalala kwenye sufuri," alisema Hamduni. "Hata akikimbia."

"Sufuri!" Mtukufu akashika kifua.

Mzee mmoja wa Baraza, aliyekuwa anasinzia, akafumbua jicho. "Kwani lazima atoke? Akae nyumbani kama zamani."

Hekima hiyo iliwashangaza wote kwa urahisi wake. Mtukufu akaahidi. Siku ya kwanza alikaa. Siku ya pili alionekana ameketi ndani ya gari lililoegeshwa uani Ikulu, anapiga honi na kukata kona. Siku ya tatu hakula. Siku ya nne alisema anakwenda mpaka kwenye mnazi wa kona tu, akarudi jioni na kilomita mia tatu.

Ndipo Waziri Tindwa alipomfuata Hamduni gereji, jasho linachuruzika hadi kwenye tai.

"Sikiliza, fundi. Tafuta njia mshale ukimbie na kilomita zisimame. Usipotafuta, nakufunga. Umfuate mkeo!"

"Mpaka lini?"

"Kama yeye! Mpaka muhula uishe!"

Hamduni akaendelea kukaza nati. "Haidhuru, Mheshimiwa. Naona si kitambo."

*

Siku ya mwisho ilikuwa Jumanne. Mita ilisoma tisini na tisa elfu mia tisa na arobaini. Mtukufu alisema anakwenda kunywa chai tu kwa dada yake.

Ndani ya gari walikuwa wanne. Mtukufu kwenye usukani, Waziri Tindwa kando yake, na nyuma Jaji Mkuu na tochi yake pamoja na Hamduni, aliyepakata kitairi cha akiba kama mtoto mchanga.

"Mtukufu, tugeuze," Waziri alisema mita ilipofika mia tisa hamsini na tano.

"Kona ijayo."

"Mtukufu, kona ijayo ndiyo ile tuliyoipita!"

"Tindwa, umewahi kuwa mia na hamsini?"

"Mimi huwa nakaa upande huu, Mtukufu."

"Basi nyamaza. Mwanamume hashiki breki akiwa katika hali."

Kwenye kilima gari lilitambaa, na kando ya barabara akina mama walikuwa wanatembea na mizigo yao, na wengine iliwabidi wapunguze mwendo ili wasilipite gari. Hamduni hakuwaona. Alikuwa anaangalia namba juu ya bega la Mtukufu. Tisini na sita. Tisini na saba. Moyo wake ulikuwa unapiga hodi kwenye kitairi. Alimwona Mashavu getini, alimwona Mwatumu anakimbia. Tisini na nane. Tisa zote tano zikajipanga.

Halafu zikageuka pamoja, tano kwa mpigo, kama watu waliolala kitanda kimoja.

Sufuri, sufuri, sufuri, sufuri, sufuri.

Mtukufu akasimamisha gari. Jaji Mkuu akawasha tochi ingawa ilikuwa saa nne asubuhi, akaangaza, akazima, akaangaza tena.

"Waasisi waliandika laki moja," alisema, "lakini walinunua mita ya tarakimu tano."

Aliyeelewa wa kwanza alikuwa Waziri Tindwa. Alifungua mlango, akaruka nje, akaanguka kwa sababu gari lilikuwa chini kuliko alivyozoea, akainuka na mikono juu.

"Mita haidanganyi! Ni sufuri! Mtukufu ana laki nzima mbele yake!"

Kabla ya adhuhuri Gazeti la Serikali lilikuwa mtaani, likiwa na muhuri na sahihi ya Waziri: kwamba leo, saa nne na dakika kumi na mbili, Mtukufu Mwinyigogo ameanza rasmi muhula mpya wa kilomita laki moja. Watu walishangilia, maana redio iliwaomba.

Hamduni aliketi juu ya jeki gerejini. Miezi kumi ya vitairi, na sasa laki. Mwatumu angeuliza tena jioni. Alilichukua gazeti akalisoma kama mtu wa darasa la nne asomavyo, kidole chini ya mstari, neno moja, pumziko, neno la pili. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Alipomaliza mara ya tatu akalikunja, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akatoka.

Mkuu wa gereza la wanawake, Afande Kidawa, alikuwa anakunywa uji.

"Shikamoo, Afande. Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Marahaba. Amri yake inasema mpaka muhula uishe. Husikii redio? Muhula umeanza leo."

"Upi?"

"Mpya."

Hamduni akamwekea gazeti mezani, kidole kwenye mstari. "Na ule aliofungiwa uko wapi?"

Afande Kidawa aliacha uji. Akasoma. Akainua simu, akampigia Waziri, akamweleza. Upande wa pili alisikika akitafuta miwani. Afande, aliyekuwa mtu wa kufuata utaratibu, akauliza tena: "Mheshimiwa, niandike lipi? Nikiandika ule wa zamani haujaisha, basi Mtukufu amevuka laki yake na Katiba inamtaka atoke leo. Nikiandika umeisha, nina watu mia nne na kumi na wawili wa kuachia."

Sauti ya Waziri ilitoka ndogo. "Waachie. Lakini wasitoke wote kwa pamoja."

Walitoka wote kwa pamoja. Walitoka walioandika mashairi, waliokataa kuandika mashairi, na bibi kizee mmoja aliyemwita mbuzi wake Mtukufu. Mashavu alitoka na kifurushi cha kanga, amekonda, mgongo umenyooka. Hamduni akamkimbilia. Akampokea kifurushi.

Walikwenda hatua kadhaa.

"Kwa hiyo yeye bado yupo?" Mashavu aliuliza.

"Yupo. Ameanza upya. Laki nzima."

"Na vile vitairi?"

"Vimemchosha. Ameniita kesho asubuhi, anataka mia mbili. Sijui nimjibu nini. Itabidi vidogo zaidi."

Mashavu alisimama katikati ya njia, akafunga kanga kiunoni vizuri.

"Mpe, Baba Mwatumu," alisema. "Watakaofungwa kesho nao watoke mapema. Vidogo kabisa."